Moyo Inalalaka

Siku hasira yangu ilipasuka, nilikuwa na mutoto mugongoni na mashini ya kupimia moyo mukononi. Kambo Ngoi alikuwa amekaa kwenye benchi la koridoo, uso umevimba upande moja, juu alikuwa ameanguka tena mbele ya vichanja vya kuanikia samaki. Kambo ni nyanya, juu ni kwa sababu, njo ni ndiyo ama ndipo, kwa wale basiojua Swahili ya kwetu. Ilikuwa mara ya tatu anakuja. Ba Inchaji, mukubwa wa kituo chetu cha afya, alipita, akamutazama kutoka kichwa mupaka miguu, akasema kwa Kibemba bila kusimama:

"Bukote, bamayo. Kabiyeni mukatuushe."

Bukote ni uzee. Alimwambia: ni uzee, mama, nenda ukapumzike.

Nilijibu kwa sauti iliyofika mupaka kwenye foleni ya batoto ba chanjo. "Bukote haiangushaka mutu."

Akageuka. "Unasema na nani, Bana Chola?"

"Na wewe, Ba Inchaji. Uzee unachelewesha mutu, unamupinda mugongo. Haumutupi chini katikati ya mazungumuzo, kisha kumusimamisha sawa vile hakuna kitu kimepita. Kambo anapanda kitandani sasa, na mashini itakimbia mupaka mimi niseme basi."

"Karatasi ya mashini si yako."

"Na moyo si yako."

Mashini ile ina mushikio sawa sanduku la safari. Nikaibeba, nikamushika Kambo kwapani, tukaingia, nikafunga mulango kwa kiuno. Chola, mutoto wangu ninayeitwa kwa jina lake, alikuwa anacheka mugongoni. Kwake kelele yote ni mchezo.

Sasa nieleze tulifikaje hapo, juu nyinyi dada babili munaoingia kwenye kazi yangu mutaikuta mashini ile ile na foleni ile ile. Mimi si muzee. Nimestaafu kwa maana moja tu: mukataba umeisha, nimekataa mwingine, na vitu vyetu viko tayari kwenda Mununga ambako bwana yangu anavua. Nina batoto babili na hasira moja, na vyote vitatu vinataka nafasi. Naandika kwa Swahili kwa makusudi. Kibemba munakijua, Kingereza mulikisoma. Swahili munaiona lugha ya soko, ya kuitia samaki. Mutaona.

Niliajiriwa juu ya hiyo Swahili ya soko. Nilikuwa nimemaliza shule ya sekondari, mama yangu alizaliwa ngambo ya Kongo, na kituo kilihitaji mutu wa kupanga foleni na kusikiliza bafanyabiashara banaovuka ziwa. Siku ya kwanza nilipewa ufagio. Siku ya pili nilipewa ufagio na aproni. Kisha mashini ya moyo ililetwa ndani ya katoni, ikakaa chini ya meza wakati murefu, na juu ya katoni batu baliweka chai. Kila mutu aliogopa kuulizwa kama anajua kuitumia.

Njo akaja Ba Mwansa, fundi wa mashini hizo kutoka lupitalo, ile hospitali kubwa, mutu aliyekaribia kustaafu kwa kweli, miwani yake imefungwa na waya. Alitumwa atufundishe wote. Wote balikuwa na kazi nyingine asubuhi ile. Nilibaki mimi na ufagio.

"Lala," akasema.

"Mimi si mugonjwa, Ba Mwansa."

"Vizuri. Tuanze na kitu kizima."

Akaniwekea waya mikononi, miguuni na kifuani, akabonyeza. Karatasi ikatoka, na juu yake ilikuwa mimi. Kilima kidogo, nafasi, mulima mukali, kilima cha duara. Tena. Tena. Niliinuka kwa nguvu mupaka waya moja ikatoka. Nilikuwa nimesoma shuleni kwamba moyo ni pampu. Hakuna mutu aliyeniambia kwamba pampu ile inajiwashia malaiti, umeme wake, mwenyewe, bila waya kutoka nje, bila kulipia ofisi yoyote, na kwamba ninaweza kuyaona yakipita. Niliporudi nyumbani nilichora ule mulima kwa mukaa kwenye ukuta wa jikoni. Bwana yangu akauliza kama ni ramani ya Kilwa, kisiwa cha ziwa letu.

Ba Mwansa alinieleza hivi, na mimi nabaachia hivi hivi. Juu ya moyo, upande wa kuume, kuna kipande kidogo cha nyama. Kile njo kiwashio. Kikiwaka, vyumba vya juu vinakaza: kile kilima kidogo. Umeme unafika kwenye mulango wa katikati, unasubiri kiloko, kidogo tu: ile nafasi. Kisha unashuka kwa njia zake, vyumba vya chini vinakaza: mulima. Halafu moyo unajipanga upya: kilima cha duara. Kila pigo ni safari hiyo.

"Na nyinyi bazee?" nilimuuliza. Alikuwa mutu wa kutaniwa.

"Twende fukweni nikuonyeshe muzee."

Tukashuka mupaka mahali mitumbwi inapakuliwa, tukapanda tena mbio kwenye muchanga, yeye na mimi, bamama ba samaki banatucheka. "Baba, unamukimbiza ama anakukimbiza?" Tulipofika tukapimana. Moyo wangu ulikuwa unaruka kama mbuzi aliyefunguliwa. Wake ulikuwa umeongeza mwendo, ndiyo, lakini ulikataa kupita pale. Yeye njo alikuwa anapumua kama tingatinga.

"Unaona?" akasema alipoweza kusema. "Nikikaa kimya, moyo yangu na yako karibu sawasawa. Nikiiomba mbio, yako inatoa, yangu inasema basi. Hiyo ni umri." Akaweka karatasi mbili pamoja. Nafasi kati ya kilima na mulima ilikuwa pana kiloko kwake. "Njia zinakauka. Mulangoni ujumbe unachelewa. Chembe za kiwashio zinakufa pole pole, mahali pao panajaa mafuta na nyuzi ngumu. Kwa batu bengi zinazobaki zinatosha mupaka mwisho. Utaona pia mapigo ya ziada, moja hapa, moja pale. Usimutishe muzee wa batu juu ya hayo."

"Na nimutishe juu ya nini?"

"Juu ya kuanguka. Muzee akikuambia anaangukaka, acha karatasi ikimbie. Kiwashio kilichochoka hakikuandikii barua kwamba kitanyamaza saa ngapi."

Hapo nilishika kazi. Mambo ya mikono nilijifunza mwenyewe, na hayo hayamo katika kitabu cha mashini. Bazee banapaka mafuta mengi asubuhi ya kwenda kituoni, kwa heshima, na vile vikombe vya kunyonya ngozi, vinavyoshika waya kifuani, vinateleza. Pangusa na kitambaa kikavu mupaka ngozi ilalamike. Wanawake ba samaki bana moshi na chumvi kwenye ngozi. Hao pangusa kwa maji kwanza. Mikono ya bazee inatetemeka, na asubuhi ya baridi ya ziwa inatetemeka zaidi, halafu mustari unaota majani, na mutu mwenye haraka ataandika kwamba vyumba vya juu vinatikisika. Funika mikono na chitenge, ngoja, pima tena. Bazee bengi banadhani ni foto: banakaza shingo na kukata pumzi. Zungumuza nabo. Na vikombe vinaacha alama za duara kifuani. Kulikuwa na Shikulu moja, babu muvuvi, bibi yake alikuja kesho yake kuniuliza ni nani alimubusu bwana yake kwa kupanga foleni vile.

Shikulu yule njo alikuwa kesi yangu ngumu ya kwanza. Kwake hakukuwa na kilima kidogo hata kimoja, na milima ilikuja bila mupango, karibu, mbali, karibu karibu. Nilirudia mara nyingi nikidhani ni mikono. Ba Mwansa alipokuja akasema hapana, hii ni yenyewe: kwa umri vyumba vya juu vinapanuka, vinapata makovu, vinaacha kukaza na kuanza kutetemeka tu, sawa samaki kwenye wavu. Damu inakaa mule, inaganda, kipande kinaweza kupanda kichwani na kuua upande moja wa mwili. Shikulu akasikiliza yote, akauliza kama angeiwekea moyo radio yenye ngoma kali, ingefuata. Ba Mwansa akamwambia dawa itafanya kazi hiyo bila kusumbua majirani. Anaikunywa mupaka leo. Yeye pia kwanza aliambiwa bukote.

Mutalisikia neno hilo kila siku. Kituoni kwetu lilikuwa neno la kufungia mulango. Goti, bukote. Macho, bukote. Moyo, bukote. Ba Inchaji aliweka hata sheria: mutu wa umri, mustari mufupi, kata, andika kawaida kwa umri wake, mwingine aingie. Sisemi ni mutu mubaya. Foleni ilikuwa ndefu na karatasi ilikuja kwa bahati. Lakini tazama ubaya wa sheria ile: moyo wa kijana unaupima mufupi na utajua mengi. Moyo wa muzee unaoshikwa na usingizi hapa na pale, ukiupima mufupi unaukuta macho.

Munganga wa zamu alikuwa Ba Phiri, Mungoni kutoka upande wa Chipata, na munajua sisi na Bangoni ni batani. Siku alipofika nilimuuliza, "Panya bamekwisha kwenu, njo umekuja kula samaki kwetu?"

"Panya hana mifupa ya kukwama kooni," akasema. "Nimekuja kubaokoa."

Nilimupenda kwa hiyo. Alijifunza Kibemba haraka, na Swahili alianza kuiokota sokoni, neno moja moja, akaringa nayo. Na hapo njo Kambo Ngoi alipotea mikononi mwetu.

Kambo alizaliwa ngambo, akaolewa kisiwani Kilwa, na tangu nimukumbuke anavuka kwa boti na magunia ya chisense, wale samaki wadogo wakavu. Anakaa ukingoni mwa boti, juu ya gunia, hataki kukaa ndani na magunia ya wengine. Mara ya kwanza alipokuja kituoni, mimi nilikuwa nyumbani, Chola ana homa. Hakuna mutu wa Swahili. Ba Phiri akasema hakuna shida, atajaribu mwenyewe. Kambo akamwambia ugonjwa wake kwa maneno mawili, kama kawaida yake.

"Moyo inalalaka."

Ba Phiri alijua moyo. Alijua kulala. Akafurahi, akamwambia vizuri sana, Mama, Mungu asifiwe, akamupa dawa ya maumivu kwa jeraha la kiwiko, akamuaga. Kambo akaenda zake akisema kwetu tunaabudu kabla ya kupima.

Mara ya pili nilikuwepo, Ba Phiri hakuwepo, alikuwa vijijini. Kambo aliniambia mimi vizuri.

"Inapiga, inapiga, njo inalala. Minaona giza. Kisha inaamuka, mi niko chini, batu bananimwangia maji ku uso."

"Mara mingi, Kambo?"

"Si nimekuambia inalalaka? Ingekuwa mara moja ningesema ililala."

Nilimueleza Ba Inchaji. Akasimama nyuma yangu nikipima, akahesabu milima michache, akakata karatasi kwa mukono wake. Kawaida kwa umri. Bukote. Nilimwambia anaanguka. Akasema bazee banaangukaka, hata mama yake. Nikafungua waya. Kambo akapanda boti.

Basi mara ya tatu ni ile ya uso uliovimba. Tuko ndani, mulango umefungwa, Kambo amelala, waya zimekaa, karatasi inakimbia. Inakimbia chini, inajikunja kwenye miguu yangu. Vilima, milima, vyote safi, pole kiloko. Nilianza kuogopa kwamba nimefanya kelele bure. Kambo hakuogopa kitu. Alikuwa anakosoa namna nilivyofunga Chola.

"Ule mutoto shingo inaanguka. Funga juu."

"Nitafunga, Kambo."

"Utafunga siku gani? Uko sawa muke wa mwana wangu. Ule, hata bukari, anapika anaacha, anaenda ku mulango kuangalia batu, bukari ina..."

Akanyamaza. Nilidhani anatafuta neno baya la kutosha kwa ugali ule. Kalamu ya mashini ikashuka, ikaanza kuchora mustari ulionyooka, mutupu kabisa, hakuna kilima, hakuna mulima. Nikasema, waya imetoka. Nikagusa mukono, imeshika. Muguu, imeshika. Kifua, vyote vimeshika. Mustari unaendelea kunyooka. Nikamutazama usoni, macho yake yalikuwa yamegeuka juu. Nikaita jina lake, nikamupiga shavu lile lisilovimba. Mulima moja ukatoka, mupana, wa ajabu, peke yake. Kisha mwingine. Kisha kilima, mulima, kilima, mulima, sawa batu banaorudi kazini bakijifanya hawakutoka.

Kambo akafungua macho. "Nilikuwa nasema nini?"

"Bukari."

"Inaungua," akasema.

Na nabaambia ukweli wa kazi: bado nilidhani karatasi imeharibika, nilitaka kuikata na kuanza upya. Nilifungua mulango. Ba Inchaji alikuwa amesimama pale na Ba Phiri, aliyeitwa kuja kunituliza. Nikamupa Ba Phiri karatasi, mita kwa mita, nikasema, "Tazama kama ni waya."

Akaisoma pole. Uso wake ukabadilika. "Waya ikichomoka, mustari unachafuka, unaruka ruka. Huu ni safi. Kiwashio kilinyamaza, na hakuna kingine kilichokuja haraka kukisaidia. Huyu mama hapandi boti leo." Akaingia, akamuuliza Kambo anakunywa dawa gani, juu kuna dawa za presha zinazopunguza mwendo wa moyo uliochoka. Hakunywa yoyote. Akageuka kwangu. "Lakini aliniambia unalala. Nikadhani umetulia. Mutima ukilala, si amani?"

"Alisema inalalaka, Ba Phiri. Hiyo ka ya mwisho njo ugonjwa. Inalala, ni sasa. Inalalaka, ni desturi yake: inalala, inaamka, inalala tena."

Akarudia kwa mudomo wake mara kadhaa. "Inalalaka. Ka moja." Kisha akacheka, cheko la mutu aliyejigonga kidole. "Kwetu panya basingefanya kosa hilo."

Ba Inchaji alitazama karatasi juu ya bega la Ba Phiri. "Ningejuaje?" akasema.

"Kwa kuacha ikimbie," nikasema.

Ba Inchaji akasema karatasi imekwisha, ni nani ataagiza nyingine. Kweli ilikuwa imekwisha. Alitia sahihi ya rufaa hata hivyo, na gari lilimuchukua Kambo, hatua kwa hatua, mupaka Lusaka, binti yake pembeni na gunia la chisense magotini, juu Kambo alikataa kwenda kwa bageni mikono mitupu.

Amerudi. Chini ya mufupa wa bega wamemuwekea betri ndogo yenye waya unaoshuka ndani ya moyo. Kiwashio kikisinzia, betri inasukuma. Alifika sokoni kabla ya kufika nyumbani, akakaa, na bamama bote bakapanga foleni kugusa. Nilipata zamu yangu. Ni kitu kigumu, cha duara, chini ya ngozi laini ya muzee, na nilisimama pale na kidole changu juu yake nikitaka kucheka na kupiga kelele, juu najua nini kinapita mule.

"Inalalaka bado, Kambo?"

"Hapana. Sasa iko na mulinzi. Chunga yako."

Nilirudi kazini na furaha ile ile, wiki yangu ya mwisho. Kwenye benchi kulikuwa na muzee kutoka Chienge, tope kavu kwenye goti la suruali, anainuka kwenda zake. Nikamuuliza bamemuambia nini. Akasema, kwa Swahili, banasema ni bukote tu, mwanangu, na mi ninaangukaka. Sikupiga kelele siku ile. Nilimurudisha, Ba Phiri akamupima kwa karatasi ndefu, na hivi tunavyosema bado wanatafuta sababu. Kisha nikaenda nyumbani nikaandika. Karatasi za kwanza zilikuwa matusi, nikawashia moto. Hii njo niliyoipeleka kwa mukono wangu ofisi ya afya ya wilaya, Nchelenge, nikasimama mupaka wakaigonga muhuri. Ba Phiri aliomba kuweka jina lake chini ya langu. Nilimuruhusu, ingawa ni Mungoni.

Kwa mukubwa wa afya wa wilaya.

Mimi ni mutumishi wa mashini ya moyo katika kituo chetu, namaliza kazi Ijumaa. Nalalamikia mambo matatu yanayofanywa kwa bazee.

Kwanza, uzee unaandikwa kama ugonjwa. Mugonjwa akiandikiwa hivyo, hakuna anayetafuta tena. Naomba neno bukote likatazwe mahali pa ugonjwa.

La pili, muzee anayeanguka anapimwa moyo kwa mustari mufupi kuliko kijana asiyeanguka. Naomba apimwe murefu, na karatasi iletwe ya kutosha.

La tatu, batu banaosema Swahili banahudumiwa na batu basioisikia, na mwenzetu mwema alimuaga mwanamuke aliyekuwa anamuambia kwamba moyo wake unasimama. Naomba mutu wa Swahili awepo kila siku kituo kinapofunguliwa, si siku tu ambazo mutoto wangu hana homa.

Mwanamuke huyo ni Kambo Ngoi wa Kilwa. Yuko hai na amekubali jina lake litajwe. Muzee wa Chienge bado hajatibiwa.

Naomba jibu la maandishi. Litasomwa kwa sauti sokoni, mbele ya bamama ba chisense, na wao batauliza maswali. Muandike maneno ambayo munaweza kuja kuyasimamia.